Kiganja Kilichokataa Kugeuka

Kwa miaka tisa sasa napika chapati na rolex, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, mjini Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wateja wangu ni madereva na utingo wao, wabadilisha pesa, na akina mama wanaovusha nyanya na mitumba. Kutwa nzima ni Kiswahili, na kutwa nzima ni mkono wa kulia: kukanda unga, kukata matonge, kusukuma, kupiga mayai kikombeni, kugeuza chapati juu ya chuma, kuikunja na mayai yake, kupokea pesa, kurudisha chenji. Sikuwahi kujiuliza mkono unayafanyaje yote hayo.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu, boda boda iliyokuwa ikinirudisha nyumbani ilikwepa shimo ikateleza. Dereva alichubuka goti. Mimi niliutanguliza mkono, kama afanyavyo kila mtu anayeanguka kifudifudi, kiganja wazi na kiwiko kimenyooka. Sikusikia mlio wowote. Nikasimama, nikajipangusa tope, nikapanda tena mpaka nyumbani. Asubuhi kiwiko kilikuwa kimejaa kama embe bivu, na sikuweza hata kufunga kifungo cha shati.

Picha ya eksirei ilionyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye kichwa cha mfupa mmoja, karibu kabisa na kiwiko. Kliniki niliyokwenda wakanifunga plasta kutoka karibu na bega hadi kwenye vifundo vya vidole, kiwiko kimekunjwa, kiganja kikitazama tumbo. Wakasema, rudi baada ya wiki tatu. Kwa nini wiki tatu, na nisiporudi kutatokea nini, hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Nikikumbuka leo, naona kosa kubwa lilikuwa hapo, kuliko kwenye lile shimo la barabarani.

Nilikaa na plasta wiki saba. Pesa ilikuwa haba, maana mpishi mwenyewe alikuwa amefungwa mkono na kibanda kilishikwa na mdogo wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Lakini haikuwa pesa peke yake. Kila aliyekuja kunijulia hali alisema neno lile lile: mfupa usiguswe, mfupa ni kama saruji, uache ukomae. Hata mama yangu alisema hivyo. Nikaona wiki saba ni bora kuliko tatu, na kama ningekuwa na subira zaidi ningefika kumi.

Kwa upande wa mfupa wenyewe, majirani hawakuwa wamekosea sana. Mfupa ukivunjika, damu hujikusanya na kuganda mahali pale. Katika wiki chache nyuzi na gegedu laini, ile tishu ngumu kidogo inayopindika kama ya sikio, huziba pengo, kisha mwili hutia madini na kugeuza kiraka kile kuwa mfupa kamili, uvimbe mgumu ambao mara nyingi mtu anaweza kuupapasa kwa kidole. Baada ya hapo, kwa miezi na hata miaka, mfupa hujichonga upya. Unaongeza mwili pale unapobeba uzito, unapungua pale usipotumiwa. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo mwaka 1892, na mpaka leo linaitwa kanuni ya Wolff. Nilikuwa nikidhani mifupa yetu 206 ni kama nguzo za nyumba, imesimamishwa basi. Kumbe ina damu, ina mishipa ya fahamu, inajibomoa na kujijenga kila siku ya Mungu.

Kiungo ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo nilipoumia kwa kutojua. Neno lenyewe linatuambia: kiungo hutokana na kuunga, mahali ambapo mfupa na mfupa hukutana. Pale wanapokutana, ncha zao zimefunikwa na gegedu, na gegedu halina mishipa ya damu. Halipati chakula kama sehemu nyingine za mwili. Linalishwa na ute uliomo ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka kiungo kinapobanwa na kuachiwa, kama sifongo inayokamuliwa na kurudi. Kiungo kisipotembea, gegedu hukaa na njaa. Kisha kuna mfuko unaokizunguka kiungo chote. Mfuko huo ukiachwa wiki nyingi bila kunyooshwa, unanenepa na kunywea kama ngozi ya ng'ombe iliyosahauliwa juani. Kwa hiyo mwili mmoja una mahitaji mawili yanayopingana: mfupa uliovunjika unataka utulivu ili uunge, na kiungo kilicho jirani yake kinataka mwendo ili kisife. Kazi ya tabibu mzuri ni kujua siku ya kuhama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kwa ufa mdogo kama wangu, ambao haujahama mahali pake, siku hiyo huja mapema sana, mara nyingi ndani ya siku chache tu. Mimi nilikuwa nimeipitisha kwa wiki.

Plasta ilipokatwa, nilitazama mkono nikadhani ni wa mtu mwingine. Ulikuwa umekonda, ngozi inabanduka magamba, nywele zimelala. Picha mpya ilionyesha ufa umejifunga vizuri. Daktari akasema mfupa umepona, nenda ukafanye kazi. Nikajaribu kukunjua kiwiko, hakikukunjuka. Kukunja, kilifika nusu ya njia kikagoma. Lakini lililonitisha ni kiganja. Nilikiamuru kigeuke kitazame juu, nikakaza hata jasho likanitoka, na chenyewe kilibaki kinatazama tumbo langu.

Watu huwahurumia waliopoteza mguu au jicho, na ni haki yao. Kupoteza kugeuka kwa kiganja hakuonekani. Nilikuwa na vidole vyote vitano, vinakunja na kukunjua. Ila chapati hugeuzwa kwa kuibana ukingo na vidole, kiganja kikitazama chini, halafu mkono unapinduka na chapati inapinduka nao. Yangu ilijikunja katikati ikaungua. Posho, ugali wa huku kwetu, sikuweza kuifikisha mdomoni kwa mkono wa kulia, maana kiwiko hakikukunjika vya kutosha na kiganja hakikugeuka kunielekea. Nikala kwa mkono wa kushoto, nimewageuzia wanangu mgongo ili wasione. Ijumaa ya kwanza baada ya plasta, imamu alipoinua dua, mikono yote msikitini ilifunguka kama mabakuli. Wa kushoto kwangu ulifunguka. Wa kulia ulisimama wima kama ubao. Nilibaki nimeinamisha macho, na sikumbuki kama nilisikia dua yenyewe.

Nilikwenda kwanza kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, mtu anayeheshimika, aliyewahi kumsaidia baba yangu mdogo. Sitaki kumsema vibaya. Alinipokea vizuri, akaniambia, "Mwanangu, mishipa imekauka, tutailainisha." Akapasha majani, akakanda kiwiko kwa nguvu, akakivuta kunyoosha na kukikunja kwa lazima. Nikapiga kelele, akasema maumivu ndiyo dawa yenyewe. Siku ya pili kiwiko kilikuwa kimevimba upya, cha moto, na mwendo mdogo niliokuwa nao ulipungua. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba kiwiko kina hasira kuliko viungo vingi. Kikilazimishwa na kuumizwa, mwili unaweza hata kuanza kujenga mfupa ndani ya msuli ulio mbele yake, pale ambapo mfupa hautakiwi kuwapo.

Na kwa kuwa nimewagusa waunga mifupa, niseme na hili la kufunga, liwe ni vipande vya mti, matete au plasta ya hospitali. Mkono uliovunjika huvimba, na kilichoufunga kikibana sana, damu haipiti kwenye misuli. Richard von Volkmann, Mjerumani naye, alieleza mwaka 1881 jinsi misuli ya mkono inavyokufa kwa kubanwa hivyo, na vidole vikabaki vimejikunja maisha yote. Dalili zake si za kungojea asubuhi. Maumivu yanazidi badala ya kupungua, vidole vinakufa ganzi au kuwa baridi, na mtu akijaribu kukunyooshea vidole unahisi kama unachomwa. Hapo bandeji ilegezwe na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kwa watoto ndiyo uwe macho zaidi, maana wao hulia na kila mtu akadhani ni deko.

Aliyenisaidia ni dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya serikali, mji wa mbali kidogo. Huku Uganda wahudumu wote wa afya tunawaita musawo, basi nami nikamwita hivyo. Hakunigusa kwanza. Alinikalisha mbele ya meza akasema, "Kaka, tuanze na mkono wako mzima, ili ujue unautafuta nini kwenye huu mgonjwa."

Fanya nawe kama nilivyofanya. Weka kiwiko juu ya meza, kiganja kikitazama dari. Kwa mkono wa pili shika ile ncha ngumu ya kiwiko inayogusa meza, kisha papasa kuelekea kwenye kidole cha mwisho, utafuata ukingo wa mfupa mmoja mpaka kwenye kifundo cha mkono. Huo ni alna. Sasa, bila kuuachia, geuza kiganja polepole kitazame meza. Alna haikusogea. Uliosafiri ni mwenzake wa upande wa kidole gumba, rediasi. Kiganja kilipotazama juu, mifupa hii miwili ililala sambamba kama reli. Kilipotazama chini, rediasi ilipanda juu ya alna ikakatiza kama herufi X. Kumbe hatugeuzi kiganja chenyewe. Tunageuza mfupa mmoja kuuzunguka mwingine, na kiganja kinabebwa tu.

Kwa Kiswahili sehemu hii, kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, ina jina lake: kigasha. Nililisikia kwa dereva wa lori kutoka Tanga nilipokuwa namsimulia haya. Sisi huku Busia tulikuwa tunasema mkono, basi, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Nikaona ni hasara kutolitumia neno kama hilo, maana kitu kisichokuwa na jina mdomoni mwako ni vigumu kumweleza daktari kwamba kinakuuma.

Basi kwenye kigasha, ule upande wa kiwiko, rediasi ina kichwa kidogo cha duara, mfano wa sahani yenye kidimbwi katikati. Kichwa hicho kimevishwa pete ya kano inayokishikilia kwenye alna, na ndani ya pete hiyo kinazunguka palepale kama mhimili. Upande wa chini rediasi ni pana, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito unaoingia kupitia kiganja. Ndiyo maana nilipoutanguliza mkono ardhini, nguvu ya kuanguka ilipanda kwenye rediasi mpaka kile kichwa kikagonga mfupa wa juu ya kiwiko kikapasuka. Ufa wenyewe haukufika milimita mbili, lakini uko pale ambapo kiganja huanzia safari yake.

Musawo alinionyesha jambo la pili ambalo sasa namwonyesha kila mtu. Kunja kiwiko kama unayebeba sinia, shika msuli wa mbele wa mkono wa juu, ule vijana wanaotunishiana, kisha pindua kiganja kwenda juu. Utausikia unakaza. Tunadhani kazi yake ni kukunja kiwiko tu, lakini umejishikiza kwenye rediasi, na ndio wenye nguvu kuliko yote katika kukielekeza kiganja juu. Mwenye mkono wa kulia anapokaza skrubu ndio anaoutumia. Na misuli mingi inayokunja vidole haimo vidoleni. Imo kwenye kigasha, inavuta kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono kama kamba za pazia. Ndani ya kidole chenyewe hakuna msuli hata mmoja wa kukikunja. Nikakumbuka jinsi nilivyokanda unga miaka yote ile, na uchovu ukawa unanikaa karibu na kiwiko, siyo vidoleni. Sababu ndiyo hiyo.

Nilitaka kuviona kwa macho. Jirani wa kibanda changu ni muuza nyama, nikamwomba anipasulie kiungo cha mguu wa mbele wa mbuzi bila kukikata kwa shoka. Akaufungua mfuko kwa ncha ya kisu, na ute ukatoka kidogo, mzito, unaovutika kama ute wa yai ninalovunja kila dakika. Ulikuwa mchache mno. Hata goti la mtu, ambalo ni kiungo kikubwa kuliko vyote, kwa kawaida halina ute unaojaza kijiko cha chai. Chini yake gegedu lilikuwa jeupe lenye ubuluu, linang'aa, na nilipopitisha kidole liliteleza kuliko kioo kilicholowa. Nilikunja na kukunjua ule mguu mikononi mwangu, ukawa unakwenda kama mlango kwenye bawaba zake, mbele na nyuma tu. Nikajaribu kuugeuza kama kiganja. Haukugeuka hata kidogo. Nikatafuta mfupa wa pili nikauona: alna ya mbuzi imegandamana na rediasi yake, imekuwa kitu kimoja. Mnyama anayetembea juu ya kwato anahitaji nguzo imara isiyopindapinda. Binadamu, na sokwe wanaoning'inia kwenye miti ya msitu wa Kibale, wamepewa mifupa miwili iliyoachiana. Nilisimama pale na mguu wa mbuzi mkononi nikaelewa nilichopoteza. Plasta ya wiki saba ilikuwa imenipa kigasha cha mbuzi.

Musawo alipima kwa kipimo cha plastiki chenye mikono miwili, kama kile cha hesabu shuleni lakini kikubwa. Kiwiko kilikuwa kinatembea kutoka nyuzi 50 hadi 95. Mtu mzima hukinyoosha mpaka sifuri na kukikunja hadi karibu 140. Kiganja changu kilikwenda chini nyuzi 45, na kwenda juu nyuzi 10 tu, wakati mtu wa kawaida hufika karibu 80 kila upande. Nikakata tamaa. Akaniambia nisihesabu kilichopotea, nihesabu ninachohitaji. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Bernard Morrey, na wenzake walipima watu wakifanya kazi za kila siku, kula, kufungua mlango, kumimina, kushika simu. Wakakuta karibu zote hufanyika kwa kiwiko kinachotembea kati ya nyuzi 30 na 130, na kiganja kinachogeuka nyuzi 50 juu na 50 chini. Nilishika namba hizo kama namba ya simu ya nyumbani.

Mazoezi yenyewe yalikuwa madogo mpaka nikayatilia shaka. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika kumi. Kukunja na kukunjua kwa nguvu zangu mwenyewe, mara kumi, kila saa niliyokuwa macho. Kisha kiwiko kimebanwa ubavuni, nishike nyundo kwenye mpini, niiache ilale polepole kulia, irudi, ilale kushoto. Sikuwa na nyundo, nikashika mti wa kusukumia chapati kwa ncha moja, uzito wake ukafanya kazi ile ile. Sharti lilikuwa moja: nisimruhusu mtu yeyote anivute. Maumivu yanayokwisha baada ya nusu saa yasinitishe, yanayolala nami hadi kesho yake ni ishara nimezidisha, nipunguze.

Lile la kubana kiwiko ubavuni nilikuja kulielewa baadaye. Kiganja kikigoma kutazama juu, bega linaingia kukopesha. Bila kujua nilikuwa napeleka kiwiko mbele ya kifua na kuinamisha mwili mzima upande wa kulia ili nipokee kitu. Bega linaweza, maana tundu lake ni la kina kifupi na hakuna kiungo mwilini chenye uhuru kama wake. Lakini kwa uhuru huo huo ndilo linaloteguka kwa wepesi kuliko viungo vingine vikubwa. Miezi miwili ya kukopesha, bega nalo likaanza kuniuma usiku.

Nitoke nje ya njia kidogo kwa ajili ya wazazi, kwa sababu ya ile pete ya kano. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano pete hiyo bado ni legevu. Mpakani hapa naona kila siku mama anamvuta mtoto kwa kiganja ili wawahi kuvuka barabara, au watu wazima wawili wanamrusha mtoto katikati yao wakicheka. Mvuto huo unaweza kuichomoa pete ikateleza juu ya kichwa cha rediasi. Mtoto atalia, kisha atauacha mkono ukining'inia, kiganja kikitazama chini, hataki kuutumia. Mtaalamu huurudisha kwa sekunde chache. Lakini njia bora ni kumnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa.

Na mama yangu, ambaye muda wote huu alinipikia bamia na mrenda kila siku ili "mafuta ya kiungo yarudi": nilizila zote, kwa upendo, na ni mboga nzuri. Ila mtelezo wa bamia ukifika tumboni husagwa kama chakula kingine, haupandi hadi kiwikoni. Ute wa kiungo unatengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe, na kinachouzungusha ni mwendo. Nilimweleza hivyo, akanisikiliza vizuri, na kesho yake akapika bamia.

Ilichukua miezi mitano. Wiki za mwanzo nilipata nyuzi tano au sita kwa wiki, halafu ikafika mahali wiki tatu zikapita bila kitu, halafu tena kidogo. Mwezi wa pili posho ilifika mdomoni. Mwezi wa tatu nikarudi kwenye chuma. Mwanzoni niligeuza kwa mwiko, na wateja wa zamani wakaniuliza kulikoni, ndipo siku moja, bila kupanga, nikabana ukingo wa chapati nikaipindua, ikalala chali nzima, madoadoa yake ya kahawia juu. Mdogo wangu aliona. Hakusema neno, alinisogezea tu tonge linalofuata.

Kipimo cha mwisho kilisoma nyuzi 20 hadi 130 kwa kiwiko, kiganja 65 chini na 60 juu. Musawo akaandika, akafunga faili. Zile ishirini za mwisho za kwenda juu hazijarudi, na kwa umri huu wa jeraha sizitegemei. Msikitini bakuli langu la kulia limeinama kidogo. Kibandani nalijua zaidi jambo hili mtu anaponilipa kwa sarafu: upande wa kidole gumba unabaki juu, wa kidole cha mwisho unabaki chini, na sarafu zinateleza kuelekea huko. Nimezoea kukikunja kidole cha mwisho kabla hazijafika.